Kulwa, Doto na Redio ya Bibi

Paukwa! Haya, sogeeni, maana hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina betri mbili.

Zilinunuliwa siku moja, duka moja, zikapakiwa bajaji moja mpaka nyumbani kwa bibi mmoja kule Usukumani. Huko watoto pacha huitwa Kulwa na Doto, na wajukuu hawakuchelewa kuzipa majina hayo. Kila moja ilikuwa ya volti 12. Fundi akaziunga kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, zikatoa volti 24 za kuendesha inveta. Taa zikawaka, na simu za majirani zikaja kuchajiwa.

Miezi ikapita. Taa zikaanza kuzimika hata kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Bibi akalaumu mawingu. Wajukuu wakalaumu vumbi kwenye paneli ya sola iliyozichaji betri.

Fundi alipoitwa hakuitazama paneli. Jua likiwa kali, alichukua mita yake akapima Kulwa: volti 15.2. Akahamia kwa Doto: 13.6. Hebu jumlisheni. Ni 28.8, na hiyo ndiyo namba ambayo kidhibiti chaji kilikuwa kikiisubiri ili kiseme zimejaa. Kidhibiti kile huona jumla tu. Nani kashiba na nani ana njaa, hakijui.

Kumbe Kulwa alikuwa akishibishwa kupita kiasi, maji yake yakigeuka gesi na kupungua, huku Doto akilala na njaa kila siku. Betri ya risasi na asidi ikikaa nusu tupu kwa muda mrefu, chembe za salfeti hugandamana kwenye sahani zake, na zikikomaa hazitoki kirahisi. Usiku mambo yalikuwa mabaya zaidi. Inveta ilikata umeme pale jumla iliposhuka mpaka 22, lakini 22 hiyo ilikuwa 12.1 za Kulwa na 9.9 za Doto. Betri ya namna hiyo haitakiwi kushushwa chini ya 10.5.

Nani alikuwa akimwibia Doto? Fundi akaufuata waya mwembamba mwekundu uliotoka kwenye kichwa cha Doto, ukapita nyuma ya kabati, ukaishia kwenye redio ya bibi. Redio ya volti 12! Kuna mtu aliona ni rahisi kuchota umeme kwa betri moja tu, basi ikawa inamnyonya Doto peke yake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mawingu yalisingiziwa bure.

Fundi akaing'oa redio, akaifungia kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, ili ile kwa pacha wote sawasawa. Akawatenganisha, akamchaji kila mmoja peke yake mpaka akajaa. Kulwa akaongezewa maji ya betri yaliyosafishwa, si asidi. Wakaachwa watulie saa kadhaa bila kazi, kisha wakapimwa: 12.7 na 12.6. Ndipo wakaungwa tena.

Kulwa na Doto ni betri za risasi na asidi; za lithiamu nazo zina vituko vyake. Ile ya volti 51.2 ina seli 16 ndani ya sanduku moja, na saketi ndogo ya kuzisimamia. Seli hizo ni hodari wa kuficha: ziwe asilimia 40 au 70, volti hazipishani sana. Tofauti hujitokeza zikikaribia kujaa, na hapo ndipo saketi humpunguzia aliyetangulia, taratibu mno, mpaka wenzake wamfikie. Betri isiyojazwa kabisa hata siku moja haipati nafasi hiyo. Na mkiona masanduku mawili yaliyoungwa sambamba, moja linasoma asilimia 80 na jingine 95, msikimbilie kusema bovu. Kila sanduku hujihesabia lenyewe, na hesabu hupotea njiani. Yakijazwa mpaka juu, hesabu huanza upya.

Nyie msiguse vichwa vya betri. Spana ikidondoka juu yake huruka cheche kali, na gesi ya betri ya maji huweza kulipuka. Mwombeni mtu mzima apime kila betri kivyake, angalau mara moja kwa mwezi, nanyi mziandike namba hizo kwenye daftari.