Chumba Kije Mwisho

Andiko la mradi la mwanafunzi wa akupancha, tiba ya sindano ya Kichina, halikosi chumba, vitanda na bango la barabarani. Likifikishwa Kisiba, kusini mwa Tukuyu, hayo ndiyo mepesi. Kazi iko kwenye yale yaliyopewa mstari mmoja.

Mgonjwa mwenyewe, kwa mfano: bibi wa kijijini. Mgongo wake umechoshwa na mikungu ya ndizi na kuinama kwenye chai. Sindano anayoijua ni ya zahanati, yenye bomba na dawa. Anayesomea fani hii akirudi likizo na kumwonyesha yake, nyembamba kama unywele na isiyo na tundu, bibi ataigeuzageuza, kisha aulize:

“Sasa mjukuu wangu, dawa iko wapi?”

“Haina dawa, bibi. Huchomwa vidole vinne chini ya goti, unasikia kama ganzi, unalala dakika 20.”

“Nami nitapona?”

“Maumivu huenda yakapungua. Ila mguu ukiisha nguvu au mkojo ukikataa kuzuilika, hiyo ni ya hospitali, leo leo.”

Anayeweza kujibu hivyo bila kubabaika ameshaanza kazi, hata kama hajahitimu. Kuchoma kungoje cheti na usajili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mtoa huduma asajiliwe, na kituo nacho kisajiliwe. Lakini kujulikana kwa mtendaji wa kijiji na kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri hakungoji mahafali.

Hesabu nazo hudanganya. Andiko hugawa wagonjwa sawasawa kwa miezi 12, wakati mwezi wa nne hapa Rungwe ni mvua na tope, na fedha hufuata ndizi, maziwa na parachichi. Tiba yenyewe hutaka kurudi mara kadhaa. Aliyepata nafuu mara ya pili, ya tatu yuko shambani.

Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964 na Bara tangu 1968, kwa zamu. Muda ukiisha, wanarudi kwao. Mzaliwa wa hapa ana faida ya kubaki, basi aitumie mapema: azungumze na zahanati kuhusu sindano zilizotumika zitateketezwa wapi, na nani atampelekea nani mgonjwa. Muuguzi asiyekujua hatakutaja kwa mtu. Akikujua, bado atataka aone kwanza kama unawarudisha wasio wako.