Injini Ipozwayo kwa Upepo: Joto, Petroli na Usalama Wetu Mipakani

Mjini Kigali pikipiki za umeme zinazidi kuongezeka, lakini kwa wananchi waishio mipakani petroli bado ndiyo inayobeba safari nyingi. Tuchukue mfano wa barabara ya kutoka Bugarama kupanda Kamembe, wilayani Rusizi. Bonde la Bugarama, karibu na mahali Rwanda inapopakana na Burundi na Kongo, ni miongoni mwa maeneo ya chini kabisa nchini, yapata mita 950 juu ya usawa wa bahari, na joto lake linafahamika. Motari aliyepakia gunia la mchele hupanda mlima huo kwa gia ndogo. Injini inafanya kazi kubwa, ilhali mwendo ni wa polepole.

Injini hiyo haina rejeta. Hupozwa na upepo unaopita katikati ya mapezi ya chuma yanayoizunguka silinda. Mwendo ukipungua upepo nao hupungua, lakini moto uliomo ndani haupungui. Tena injini inapozimwa, si kweli kwamba kila kitu huanza kupoa papo hapo. Kwa dakika kadhaa joto lililokusanyika katika chuma huhamia kwenye kabureta na mrija wa petroli, ambavyo njiani vilikuwa vikipata upepo.

Sehemu nyepesi za petroli huanza kugeuka mvuke katika joto la nyuzi 40 hivi, na kwenye miinuko yetu, ambako kani ya hewa ni ndogo, hugeuka mapema zaidi kuliko pwani. Mapovu hujaa katika mrija, mafuta hayafiki, injini inazimika au inakataa kuwaka. Mara nyingi lawama huangukia plagi, na motari hununua mpya bila sababu. Dawa yake ni kivuli na subira ya dakika 20. Kitambaa kibichi juu ya mrija husaidia. Kumwagia silinda maji baridi hakufai, kwani chuma chenye moto huweza kupasuka.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi Polisi ni lile lifanyikalo wakati wa kusubiri huko, hasa katika foleni ya mpakani: kufungua tangi na kuongeza petroli kutoka kwenye bidoni huku ekzosi ikiwa bado ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa chini, na kuifikia sigara ya mtu aliyesimama kando bila yeye kuuona. Tangi nalo lisijazwe hadi mdomoni. Lita 12 zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka karibu robo lita, nayo ni lazima itafute pa kutokea.

Kuna matengenezo ya haraka yanayoleta hatari. Mrija halisi ukipasuka, huwekwa wa plastiki ya kawaida, unaolainika ukigusa silinda. Kipande cheusi kigumu kinachotenganisha kabureta na silinda hutupwa kana kwamba ni cha urembo, kumbe ndicho kinachozuia joto. Wengine huziba mfuniko wa tangi kwa kipande cha mfuko wa plastiki (mfuko ambao sheria yetu iliupiga marufuku mwaka 2008!), na tundu la hewa likizibwa petroli haishuki. Matope kwenye mapezi yaoshwe, injini ikiwa imepoa. Nayo petroli ya magendo iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini igonge na kupata joto kupita kiasi, mbali na kwamba kuiuza ni kosa.

Kwa wenye maduka: jenereta nyingi ndogo zina tangi juu ya injini yenyewe. Izimwe na kuachwa ipoe kabla ya kuongezwa mafuta, na isiwekwe ndani, kwa sababu ya joto na pia kwa sababu moshi wake huua.

Moto ukitokea, funga koki ya petroli ikiwa mkono unaweza kuifikia salama, waondoe watu, kisha tumia kizimamoto cha unga au mchanga. Usitumie maji, kwani petroli huelea juu yake na kuendelea kuwaka. Piga simu 112 mapema, ukitaja mahali ulipo.