Nani Anamkalisha Askofu Kitini?

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo vijana wetu hulisoma katika historia ya Ulaya, wakalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakalisahau. Jambo lenyewe ni ule ugomvi wa muda mrefu baina ya makaisari na mapapa katika zama za kati. Msikilizaji mmoja ameniandikia akitaka kujua ugomvi huo wa watu waliokufa zamani unatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki. Jibu langu ni kwamba unatuhusu sana. Majirani zetu wa Ethiopia waliupitia ugomvi wa namna hiyo hiyo, na sisi wenyewe tunao humu nyumbani, ingawa kwa sura ya upole zaidi.

Nianze na hapa ninapoishi. Hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, ipo shule ya sekondari ya wasichana ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa jina la Marian College. Ilikuwa shule ya Kanisa Katoliki, ikiendeshwa na masista wa Maryknoll kutoka Marekani. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilizichukua shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku yake, na shule hii ikawa miongoni mwao. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: watoto wa dini zote wapate elimu bila ubaguzi. Majengo yalibaki pale pale. Kilichobadilika hasa ni mkono unaomteua mkuu wa shule, na mkono huo ulipobadilika, mengine yote yalifuata.

Shikeni mfano huo, maana ndio ufunguo wa mazungumzo ya leo. Makaisari na mapapa hawakugombana juu ya nani anasali zaidi. Waligombana juu ya uteuzi.

Katika Ujerumani na Italia ya wakati ule, askofu hakuwa mtu wa madhabahuni tu. Alikuwa na mashamba makubwa, alikusanya kodi, aliamua kesi, na Kaisari alipokwenda vitani askofu alitakiwa kupeleka askari. Tena askofu hakutarajiwa kuwa na mtoto wa kumrithi. Kabaila wa kawaida akipewa ardhi, wanawe waliishikilia wakawa wakaidi. Askofu akifa, kiti kilibaki wazi na Kaisari akamweka mtu wake mwingine. Ndiyo maana makaisari waliwapenda sana maaskofu, na wakawa wanawakabidhi kwa mikono yao wenyewe pete na fimbo ya kichungaji, ambazo ni alama za kazi ya kiroho.

Mwaka 1075 Papa Gregory VII alisema basi, imetosha. Alikataza mtu yeyote asiye kasisi kumpa askofu cheo chake. Henry IV, mfalme wa Ujerumani, hakusikia. Aliendelea kuweka maaskofu, hata katika mji mkubwa wa Milano. Januari 1076 Henry na maaskofu wake walitangaza kwamba Gregory si Papa tena. Mwezi uliofuata Papa alimtenga Henry na Kanisa, kisha akafanya jambo zito zaidi: aliwafungulia raia wote wa Henry kiapo chao cha utii.

Fikirini maana yake. Katika nchi isiyokuwa na polisi wala jeshi la kudumu, kiapo ndicho kilichoishikilia dola. Makabaila waliokuwa wakitafuta kisingizio walikipata. Januari 1077 Henry alivuka milima wakati wa baridi kali, akasimama siku tatu bila viatu nje ya ngome ya Canossa, kaskazini mwa Italia, akiomba msamaha. Alisamehewa, lakini mambo hayakuishia hapo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Ujerumani. Henry alitengwa tena mwaka 1080, naye akamtafuta papa wake mwingine. Mwaka 1084 aliiteka Roma na kuvikwa taji la ukaisari na papa huyo aliyemweka mwenyewe. Gregory alifia Salerno mwaka 1085, mbali na kiti chake. Suluhu ilipatikana mwaka 1122 katika mji wa Worms, wakati wote wawili walioanzisha ugomvi walikuwa wamekwisha kuzikwa: Kaisari aache kutoa pete na fimbo, lakini abaki na haki ya kumkabidhi askofu ardhi na madaraka ya kidunia. Yaani walikubaliana kwamba askofu mmoja amebeba mizigo miwili, na kila mzigo una mwenyewe.

Sasa tuje kwa jirani zetu wa Ethiopia. Tangu karne ya 4, Athanasius, Patriarki wa Aleksandria, alipomweka wakfu Frumentius awe askofu wa kwanza wa Aksum, kanisa la Ethiopia lilipata mkuu wake kutoka Misri. Mkuu huyo aliitwa Abuna, na kwa karibu miaka 1,600 alikuwa kwa kawaida mtawa wa Kimisri. Kila Abuna alipofariki, Kaisari wa Ethiopia alilazimika kutuma wajumbe na zawadi hadi Misri kuomba mwingine, na mara nyingi ilibidi watawala Waislamu wa Misri nao waridhike. Jibu lilipochelewa, nchi ilikaa bila mtu wa kuwapa makasisi wapya daraja.

Kwa macho ya haraka mtu angesema Abuna alikuwa dhaifu. Alikuwa mgeni, hana ukoo, hana jeshi, na mara nyingi hata lugha ya nchi alijifunza ukubwani. Lakini yeye ndiye aliyempaka Kaisari mafuta. Yeye ndiye aliyeweza kumtenga mtu na Kanisa. Na kiapo kilichoapwa mbele yake, ni yeye aliyeweza kukifungua. Kwa hiyo Kaisari alikuwa na panga zote za nchi, lakini mkono wa Abuna haukuwa wake.

Tewodros II aliuonja uchungu huo. Alivikwa taji na Abuna Salama mwaka 1855, na mwanzoni wawili hao walisaidiana. Baadaye walikosana, hasa Kaisari alipotaka kupunguza ardhi ya Kanisa ili alipe jeshi lake. Tewodros alimfunga Abuna katika ngome ya Magdala, naye akafia humo kifungoni mwaka 1867. Mwaka uliofuata Tewodros mwenyewe alijiua katika ngome hiyo hiyo, majeshi ya Waingereza yakiingia, na wakuu wengi wa nchi yake wakiwa wamekwisha kumwasi. Sisemi kwamba kumfunga Abuna peke yake ndiko kulikomwangusha. Lakini mtawala aliyemnyamazisha yule aliyempaka mafuta hakubaki na mtu wa kuwaambia raia kwamba kumtii ni wajibu.

Kisa cha pili ni cha mwaka 1916, na anayekijua kile cha Henry atadhani anasoma habari ile ile. Menelik II alikuwa amewaapisha wakuu wa nchi kumtii mjukuu wake, Lij Iyasu. Menelik alifariki mwaka 1913. Iyasu alikuwa kijana, hakuwahi kuvikwa taji, na alitaka urafiki na raia wake Waislamu, jambo lililowatia wakuu wa Shoa hofu. Walimtuhumu kwamba amesilimu. Walitaka kumwondoa, lakini kile kiapo kiliwakaba. Basi walikwenda kwa Abuna Mattewos. Septemba 27, 1916, Abuna alimtenga Iyasu na Kanisa na kuwafungulia wakuu kiapo chao. Zewditu, binti wa Menelik, akatangazwa malkia, na Ras Tafari akawa mrithi. Mwezi mmoja baadaye baba yake Iyasu, Negus Mikael, alikuja na jeshi lake, na maelfu ya watu waliuawa katika vita vya Segale. Wengi wao walikuwa wakulima ambao hakuna aliyewauliza kitu juu ya kiapo.

Ras Tafari huyo ndiye aliyekuja kuwa Kaisari Haile Selassie mwaka 1930. Alikuwa ameona kwa macho yake nguvu ya Abuna, maana ndiyo iliyomfungulia njia. Kwa hiyo alijitahidi kwa miaka mingi kulitoa kanisa katika mkono wa Aleksandria. Madai yake yalikuwa ya haki: kwa nini watu wa nchi yenye Ukristo wa kale namna ile wasiongozwe na mwenzao? Mwaka 1951 Abuna Basilios akawa Mhabeshi wa kwanza kushika kiti hicho, na mwaka 1959 akawa Patriarki. Wahabeshi walishangilia, na nani asingeshangilia? Lakini jambo moja lilipita kimya. Kamba iliyokatwa Misri ilifungwa upya, na safari hii ilifungwa ikulu. Kanisa sasa lilikuwa kanisa rasmi la dola, na uteuzi wa wakuu wake ulihitaji kibali cha Kaisari.

Maadamu Haile Selassie alikuwapo, wengi hawakuona ubaya wowote. Lakini Septemba 1974 wanajeshi walimpindua. Mwaka 1975 ardhi ya Kanisa ilichukuliwa pamoja na ya makabaila. Mwaka 1976 Patriarki Tewoflos aliondolewa madarakani, na mwaka 1979 akauawa kwa siri. Serikali isiyoamini Mungu ilisimamia kupatikana kwa Patriarki mwingine. Ilitumia njia ambayo Kaisari mcha Mungu alikuwa ameitengeneza. Tena serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1991, Patriarki wa wakati huo naye alitoka, mwingine akawekwa mwaka 1992, na kanisa likagawanyika hadi lilipopatanishwa mwaka 2018.

Ndugu wasikilizaji, hilo ndilo neno ninalotaka mkae nalo wiki hii. Mkono unaouweka juu ya kiti cha mwenzako hautabaki kuwa wako. Utarithiwa na mtu usiyemjua, mwenye nia usiyoijua.

Hata milima hii ya Uluguru inalifahamu jambo hili. Kabla ya ukoloni Waluguru hawakuwa na mtawala mmoja. Kila ukoo ulikuwa na mkubwa wake, aliyegawa ardhi na kuongoza matambiko ya mizimu, na Kingalu wa Kinole alisifika hata mbali kwa uwezo wa kuleta mvua. Waingereza walipoanza utawala wa kupitia machifu katika miaka ya 1920, walitaka masultani wa kukusanya kodi na kutangaza amri. Ilipofika miaka ya 1950, amri ya kulima matuta ya ngazi ilipitishwa kwa njia hiyo hiyo, na mwaka 1955 watu wakafanya ghasia. Sababu zilikuwa nyingi, na kazi ngumu ya matuta yenyewe ni mojawapo. Lakini nyingine ni kwamba amri ilionekana inatoka bomani hata ilipotamkwa na mdomo wa Mluguru.

Je, leo tumesimama wapi? Katiba yetu inasema nchi hii haifungamani na dini, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Maneno hayo ni mazuri, lakini maisha hayakunyooka kama maandishi. Desemba 1968 Serikali ilipiga marufuku jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, EAMWS, na mwezi huo huo BAKWATA ikaundwa. Mpaka leo wako Waislamu wanaoiona BAKWATA kuwa baraza lao halali, na wako wanaouliza ni mkono wa nani ulioizaa. Huko Zanzibar, sheria ya mwaka 2001 inampa Rais wa Zanzibar uwezo wa kumteua Mufti. Wanaoitetea wanasema dola haiwezi kukaa kando wakati mambo ya dini yanagusa amani ya raia. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wanaoipinga wanauliza swali la Gregory, pengine bila kumjua Gregory: kiongozi wa dini akiteuliwa na mtawala, siku mtawala akikosea atamwonya kwa ulimi gani?

Nayo hatari ya upande wa pili ipo. Kila unapokaribia uchaguzi, utasikia shehe huyu au mchungaji yule akidokeza kwamba mgombea fulani ndiye chaguo la Mungu. Kiongozi wa dini ana haki ya kukemea dhuluma, rushwa na uongo. Akinyamaza hapo amesaliti kazi yake. Lakini akisema kumpigia kura fulani ni dhambi, amefanya alichofanya Abuna Mattewos mwaka 1916: ameingia katika viapo vya watu. Na siku hizo, kama mjuavyo, wapiganapo tembo huumia nyasi.

Kwa hiyo nawasihi. Mkiwa na mgogoro katika msikiti wenu au usharika wenu, msiwe wepesi wa kukimbilia kwa mkuu wa wilaya awachagulie kiongozi, hata kama mnajua atawachagulia mnayemtaka. Yupo leo, kesho atahamishwa, na atakayekuja atakuta mlango mlioufungua uko wazi. Nanyi mlio serikalini, mkiombwa kuingia, ulizeni kwanza kama kuna sheria iliyovunjwa au mtu aliyedhulumiwa. Kama hakuna, waacheni waamini wamalizane wenyewe, hata ikiwachukua muda.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tutakutana tena wiki ijayo.