Mwamuzi Akikosea Katika Softiboli

Mhariri aliponiomba niandike juu ya mchezo wa softiboli, nadhani alitazamia nieleze namna ya kurusha mpira na kushika gongo. Hayo, ndugu zangu wanafunzi, mtajifunza kiwanjani kuliko gazetini. Mimi nataka kueleza jambo jingine lisilofundishwa vya kutosha: mwamuzi akikosea, mchezaji afanyeje, na mwalimu wa timu afanyeje? Naandika kwa sababu mimi mwenyewe sikujua, na kutojua kwangu kuliwaponza watoto.

Ilikuwa Jumamosi, katika mashindano ya wasichana wasiozidi miaka 14, hapa kwetu Uganda, nami nilikuwa mwalimu wa timu moja. Tulikuwa zamu ya mwisho, tukiongoza kwa pointi moja. Wapinzani walikuwa wakipiga. Mmoja wao amekwisha toka, na mwenziwe amesimama besi ya kwanza. Mrushaji wetu, mtoto mwembamba wa miaka 13, akarusha straiki ya tatu. Mpigaji akaukosa mpira kabisa, lakini mdakaji wetu naye ukamponyoka, ukaanguka chini. Mpigaji akatimua mbio mpaka besi ya kwanza, aliyekuwa pale akakimbilia ya pili, na mwamuzi akanyosha mikono: wote wawili salama.

Sasa sikilizeni kanuni inavyosema. Straiki ya tatu isipodakwa, mpigaji anaweza kukimbia ikiwa besi ya kwanza haina mtu, au ikiwa wawili wamekwisha toka. Vinginevyo ametoka, hata mpira ukianguka. Sababu yake ni nzuri: mdakaji mwerevu angeweza kuuangusha mpira kwa makusudi, wale wa kwenye besi wakalazimika kukimbia, naye akawatoa wawili kwa mpigo mmoja. Siku ile besi ya kwanza ilikuwa na mtu, na aliyetoka alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo yule mpigaji alikuwa ametoka, na ilipasa arudi akakae.

Nami nilifanya nini? Nilipiga kelele. Nilisema mwamuzi hana macho, nikasema anapendelea, na wazazi waliokuwa nyuma yangu wakanifuata kama nyuki. Katika maneno yote yale sikutaja kanuni hata mara moja. Mwamuzi akanipa kisogo, akaamuru mchezo uendelee, mrushaji wangu akarusha mpira uliofuata, na hapo haki yetu ikafa. Mpigaji mwingine akaupeleka mpira mbali hata ukapita mwembe, wote wawili wakafika nyumbani, tukashindwa. Yule mtoto alilia njia nzima akidhani kosa ni lake. Usiku nikafungua kitabu cha kanuni, nikaona kwamba kosa la mwamuzi lingaliweza kusahihishwa, na kwamba aliyezuia lisisahihishwe ni mimi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba makosa ya mwamuzi ni ya namna mbili, na dawa zake si moja. Kuna kosa la jicho, na kuna kosa la kanuni. Mpira ulipita juu ya besi ya nyumbani au pembeni? Mguu ulifika kabla ya mpira, au mpira kabla ya mguu? Hayo ni ya jicho, na kitabu kimempa mwamuzi peke yake. Huwezi kuyawekea pingamizi. Lakini akikubali kuwa jambo fulani limetokea, kisha akatumia kanuni isiyo yake, hilo ni la kitabu, na kitabu ni cha wote.

Mifano miwili mikubwa yatoka Marekani, katika besiboli, ambayo ni mzazi wa softiboli. (Softiboli yenyewe ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ikichezwa ndani ya nyumba.) Tarehe 2 Juni 2010, huko Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika besi. Akibakiza mmoja tu, angepata sifa ambayo warushaji wachache mno wameipata. Mpigaji wa 27 akagonga mpira chini, ukarushwa besi ya kwanza, Galarraga akaushika na kukanyaga besi kabla ya mkimbiaji kufika. Mwamuzi Jim Joyce akasema: salama. Baada ya mchezo Joyce alitazama picha, akaona amekosea, akakiri hadharani. Uamuzi haukubadilishwa, kwa maana lilikuwa kosa la jicho. Kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea Joyce karatasi ya majina ya wachezaji kabla ya mchezo kuanza, na mwamuzi yule, mtu mzima, akatokwa na machozi mbele ya watu wote. Ruhusa ya kupitia picha kwa maamuzi mengi ya namna ile ilikuja mwaka 2014.

Mfano wa pili ni wa tarehe 24 Julai 1983, New York. George Brett wa Kansas City aliupiga mpira nje ya uwanja, timu yake ikaongoza 5 kwa 4. Mwalimu wa timu ya pili, Billy Martin, akalalamika kwamba utomvu wa msonobari uliopakwa kwenye gongo ili lisiteleze umepita inchi 18 zinazoruhusiwa. Waamuzi wakapima, wakamwambia Brett ametoka, mchezo ukaisha. Hapa hakuna aliyebishana juu ya kilichoonekana. Gongo lilikuwa na utomvu mwingi, basi. Lililobishaniwa ni adhabu yake. Kansas City wakaweka pingamizi, na mkuu wa ligi, Lee MacPhail, akaamua kwamba gongo la namna ile huondolewa mchezoni, lakini mpigaji hatolewi kwa ajili yake. Mchezo ukarudiwa kuanzia pale pale tarehe 18 Agosti, nao wakashinda 5 kwa 4. Tena Martin siku hiyo alidai kuwa Brett hakukanyaga besi zote, kumbe waamuzi wamekuja na hati iliyoapiwa na wenzao wa siku ya kwanza kwamba alizikanyaga! Mimi hupenda sana kipande hicho.

Basi kwetu sisi wa viwanja vya vumbi, mambo huenda hivi. Mwalimu wa timu, wala si wazazi wala si wachezaji wote kwa pamoja, huomba muda, akatembea mpaka kwa mwamuzi, akasema kwa sauti ya kawaida. Kwanza aulize mwamuzi ameona nini. Baada ya hapo aulize kanuni yasemaje. Utaratibu huo una faida kubwa, kwa sababu jibu la swali la kwanza humfunga mwamuzi kwa heshima, na mara nyingi atagundua kosa lake mwenyewe. Kama kuna mwamuzi wa pili, aweza kuombwa aulizwe. Huenda yeye aliona mpira ukidondoka kutoka katika glavu pale ambapo mwenziwe alizibwa na mgongo wa mtu. Lakini anayebadili uamuzi ni yule aliyeutoa.

Ikishindikana, mwalimu aseme waziwazi kwamba anaweka pingamizi, na aseme kabla ya mpira unaofuata kurushwa. Mwandishi wa pointi aandike ilikuwa zamu ya ngapi, waliotoka wangapi, nani alikuwa besi gani, na kanuni inayodaiwa. Kisha watoto waendelee kucheza. Pingamizi likikubaliwa, kwa kawaida mchezo hurudiwa kuanzia palipokosewa. Someni pia masharti ya mashindano yenu, maana mashindano mengine ya watoto wadogo huitumia kanuni ya straiki ya tatu tofauti, au hayaitumii kabisa.

Ugomvi mwingine huzaliwa kabla hata ya mchezo, kwa kutokutana. Viwanja vyetu vina mwembe, vina mtaro, vina njia ya baiskeli. Mpira ukinasa mtini itakuwaje? Ukiingia mtaroni? Yafaa waalimu wote wawili na mwamuzi wasimame kwenye besi ya nyumbani wakubaliane.

Nanyi mtakaokuwa waamuzi, besi ya kwanza tazameni mguu kwa macho, na mpira ukigonga glavu usikilizeni kwa masikio. Macho hayawezi kuwa mahali pawili. Tena mkikosea, msilipe. Nimewaona waamuzi waliowanyima hawa haki katika zamu ya tatu, kisha wakawapa zawadi katika zamu ya tano ili kusawazisha. Sasa wamekosea mara mbili, na timu zote mbili zina manung'uniko.

Siku hizi mimi mwenyewe ni mwamuzi. Juzi katika mchezo wa watoto mkimbiaji alikuwa amepita besi ya kwanza akielekea ya pili, mlinzi akarusha mpira vibaya, ukaingia mtaroni. Nikamsimamisha mtoto besi ya pili. Mwalimu wa timu yake, kijana wa kike aliyeanza kazi mwaka huu, akaomba muda akanijia polepole.

"Mzee, mpira ulipotoka mkononi mwa mlinzi, mtoto alikuwa amekwisha kanyaga besi ya kwanza?"

"Alikuwa amekwisha kanyaga."

"Na mpira ukitoka nje ya mchezo, kanuni humpa besi ngapi kutoka pale?"

"Mbili," nikasema, na sauti yangu ikanisuta. Nikamwita mtoto, nikampeleka besi ya tatu. Mwalimu wa upande wa pili akauliza kwa nini nimebadili, nikamwambia kwamba nilikuwa nimekosea. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye benchi lake, tukaendelea.