Ni Gari Gani Lisilolazimika Kuwa na Bima?

Mjini Malindi, tuktuk, boda boda, mkokoteni wa maji na gari la Serikali hupita barabara moja. Je, vyote vyatakiwa bima? La. Lakini vilivyosamehewa ni vichache kuliko wengi wanavyodhani.

Sheria yenyewe ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Chombo chochote kinachoendeshwa kwa mashine, kiwe cha petroli au cha umeme, kisitumike barabarani bila bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita "thadi pati". Bima hii humlipa uliyemuumiza, au jamaa za aliyefariki. Kiwango cha lazima ni hadi shilingi milioni 3 kwa kila mdai.

Nani yuko nje?

- Baiskeli ya kukanyaga na mkokoteni, wa mtu au wa punda. Havina mashine.
- Gari bovu lililo juu ya mawe uani. Halitumiki barabarani. Lakini siku fundi akilitoa kulijaribu, lahitaji bima.
- Gari la Serikali. Hapa huangaliwa mwenye gari, si kazi ya dereva. Mwalimu au polisi mwenye gari lake binafsi hajasamehewa.

Boda boda je? Yatakiwa bima, hata kama waipanda kwenda shamba tu huko Gede. Tuktuk vilevile. Na ukibeba abiria wa kulipa, chukua bima ya kubeba abiria.

Ukigongwa na gari la Serikali

Kutokuwa na bima hakuiondolei Serikali deni. Utaidai yenyewe. Ila muda ni mfupi: kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12, ilhali kwa gari la mtu binafsi una miaka 3. Basi nukuu namba ya gari, ripoti polisi, weka karatasi za hospitali na umwone wakili mapema.

Ukilipia bima kwa simu

Tuma kwa Paybill ya kampuni, si kwa namba ya mtu. Soma jina kabla ya kuweka PIN, na usifute ujumbe wa malipo. Lakini ujumbe huo si bima. Ngoja cheti, kisha hakikisha namba ya gari na tarehe ya mwisho ni sawa. Kama walipa kwa mwezi, weka kikumbusho siku mbili kabla: bima iliyoisha jana haimlipi utakayemgonga leo.