Valvu Hufanya Nini Gitaa Likinyamaza?

Je, wajua kwamba amplifaya ya gitaa yenye valvu nne za EL34 hula karibu wati 38 kwa kuzipasha moto tu, kabla mpigaji hajagusa uzi hata mmoja? Kila valvu hudai volti 6.3 na amperi 1.5 kwa ajili ya waya wake wa ndani unaowaka rangi ya chungwa. Na huo ndio umeme mdogo. Mkubwa ni ule wa volti 400 hadi 500 unaopita katikati ya valvu muda wote ampu ikiwa imewashwa, gitaa lilie au lisilie. Kiasi kinachopita wakati wa ukimya huamua mambo mawili ambayo kila mpigaji anayajali: valvu itaishi muda gani, na noti itatoka na unene gani. Kukipanga kiasi hicho ndiko kuweka bayasi, na kwa maoni yangu hakuna kazi inayopuuzwa kuliko hiyo katika utunzaji wa ampu.

Valvu ni kifaa cha zamani. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza ya kwanza mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaongeza gridi, wavu mwembamba wa waya, na hapo sauti ndogo ikapata njia ya kutawala umeme mkubwa. Katika valvu za nguvu za leo, kathodi iliyopakwa oksidi za bariamu na strontiamu hupashwa moto hadi elektroni zianze kuchomoka. Anodi, bamba la chuma linaloizunguka, ina volti chanya mamia kadhaa, nayo huzivuta. Hewa imenyonywa yote kutoka kwenye kioo, hivyo njia iko wazi. Kilichobaki kuzizuia ni gridi. Elektroni zina chaji hasi. Gridi ikipewa volti hasi, huzisukuma nyuma. Ni kama lango la mbao kwenye mfereji wa kumwagilia shamba: ukiliinua kidogo maji tele hupita, ukilishusha mfereji hukauka, na anayelishika hatumii nguvu za maji yenyewe.

Bayasi ni mahali lango hilo linapokaa kabla muziki haujaanza. Kwa ampu nyingi za gitaa ni volti hasi kati ya 30 na 55, ikitegemea aina ya valvu na sakiti iliyoizunguka. Sauti ya gitaa huja juu ya volti hiyo, ikiipandisha na kuishusha.

Sasa, ampu kubwa hazitumii valvu moja. Hutumia jozi, moja ikibeba nusu ya juu ya wimbi la sauti na nyingine nusu ya chini, kisha transfoma ya kutolea sauti huunganisha nusu hizo na kuzipeleka kwenye spika. Hapo penye kupokezana ndipo bayasi inapoonyesha makali yake. Gridi ikiwa hasi mno, valvu moja inaacha kazi kabla mwenzake hajaipokea, na katikati ya wimbi panabaki pengo. Sikio hulisikia kama mkwaruzo mkavu, hasa noti inapofifia, kwa sababu noti ndogo yote iko karibu na hilo pengo. Gridi ikiwa haina uhasi wa kutosha, umeme hupita kwa wingi hata kwenye ukimya, anodi huchemka, na ukizima taa za chumba utaiona ikiwa nyekundu pembeni. Valvu inayokuwa nyekundu hivyo iko njiani kufa, na ikifa vibaya huweza kufa na transfoma, ambayo ni ghali kuliko valvu zote zilizomo.

Lakini kabla ya bayasi kuna kuchagua valvu yenyewe. Na uchaguzi huu una historia inayofaa kujulikana, kwa sababu ndiyo iliyogawa sauti ya gitaa la umeme kati ya Marekani na Uingereza.

Mholanzi Bernard Tellegen wa kampuni ya Philips alibuni pentodi mwaka 1926, valvu yenye gridi tatu, na Philips ikaishika hataza yake. Wahandisi wa EMI huko Uingereza walitafuta njia ya kupata uwezo uleule bila kuigusa hataza hiyo, wakaja na valvu inayozikusanya elektroni zikapita kama miale. Kutokana na wazo hilo RCA ya Marekani ilitoa 6L6 mwaka 1936, na Uingereza ikapata KT66. Philips nayo iliendelea na pentodi zake hadi ikafika kwenye EL34. Jina lake ni maelezo kamili kwa anayejua kulisoma: E ni volti 6.3 za kupashia moto, L ni pentodi ya nguvu, 3 ni kitako cha pini nane, na 4 ni namba ya mfululizo.

Leo Fender wa California alijenga ampu yake maarufu ya Bassman juu ya 5881, ndugu wa 6L6. Mwaka 1962, Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London, alitaka ampu ya namna hiyo itengenezwe hapo hapo. Mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven wakaifuata sakiti ya Bassman kwa kutumia vipuri vilivyopatikana Uingereza. Ikatoka JTM45, ambayo muda si mrefu ikawa na KT66. Mwaka 1966 mpiga gitaa Eric Clapton alirekodi na mwanamuziki John Mayall akitumia Marshall yenye valvu hizo. Karibu na mwaka 1967 Marshall ikahamia EL34, na sauti ambayo wengi huiita ya Kiingereza ikazaliwa: katikati imejaa, na inachanika mapema ukiikaza. Ya 6L6 hubaki safi kwa muda mrefu zaidi, besi yake imetulia na juu yake inang'aa. EL84, ndogo kwa umbo, ndiyo ya Vox AC30. 6V6 ndiyo ya Fender ndogo kama Champ na Deluxe.

Niseme wazi ninavyoona: tofauti hizi zipo, ila sehemu kubwa yake inatoka kwenye sakiti na transfoma. Mtu anayetumia fedha nyingi kutafuta chapa fulani ya 6L6 huku spika yake imechoka, angesikia mabadiliko makubwa zaidi kwa kubadilisha spika.

Zaidi ya hayo, chapa zenyewe hazisemi mengi siku hizi. Valvu za gitaa zinazotengenezwa sasa hutoka hasa katika viwanda vichache: cha Saratov nchini Urusi, cha JJ mjini Čadca nchini Slovakia, na vya China. Saratov peke yake hutoa valvu zinazouzwa kwa majina ya Sovtek, Electro-Harmonix, Tung-Sol na Mullard. Kiwanda cha Mullard chenyewe kilikuwa Blackburn, Uingereza. Boksi lenye jina hilo leo limebeba kioo cha kando ya mto Volga. Ndiyo maana vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 na biashara na Urusi ikayumba, majina yaliyoonekana ya Kimarekani na ya Kiingereza yalitikiswa kwa pamoja.

Ukinunua valvu iliyotumika, tazama doa la rangi ya fedha ndani ya kioo. Hilo ni bariamu iliyowekwa kunasa gesi iliyobaki. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo haifai kitu.

Usichomoe 6L6 ukachomeka EL34 kwa kuwa tu zinaingia soketi moja. Kwenye EL34 pini ya 1 ni gridi ya tatu na lazima iunganishwe na kathodi kwenye pini ya 8. Kwenye 6L6 pini ya 1 haina kazi, kwa hiyo sakiti nyingi huiacha wazi au huitumia kushikilia waya mwingine. Pili, 6L6GC hudai amperi 0.9 tu za kupashia moto. Ukiweka EL34 nne, transfoma inabebeshwa amperi 2.4 za ziada, na si kila transfoma ina akiba hiyo.

Hesabu ya bayasi ni nyepesi. Kila valvu ina kikomo cha joto ambalo anodi yake inaweza kustahimili: wati 25 kwa EL34, wati 30 kwa 6L6GC. Mafundi wengi huchukua asilimia 70 ya kikomo hicho, kisha hugawanya kwa volti za anodi. EL34 kwenye volti 450: wati 17.5 gawanya kwa 450, jibu ni miliamperi 39 hivi. 6L6GC kwenye volti hizohizo ni miliamperi 47 hivi. Kuupima umeme huo, fundi hufunga rizista ya omu 1 kati ya kathodi na ardhi, kwani kila milivolti moja inayosomeka kwenye mita inamaanisha miliamperi moja. Kisha anazungusha kidude cha bayasi taratibu. Kila umeme unapoongezeka, volti za anodi hushuka kidogo, kwa hiyo vyote viwili vipimwe upya hadi hesabu ikubali. Tena kathodi hubeba pia umeme wa gridi ya pili, miliamperi chache, hivyo anodi hupata kidogo kuliko mita inavyosema.

Hiyo asilimia 70 imekuwa kama amri, na sioni sababu. Ni ukomo wa juu kwa usalama. Mimi ningeanza na asilimia 60, ambayo kwa EL34 hiyo ni miliamperi 33, nikasikiliza noti ikififia, na kupanda mpaka mkwaruzo uishe. Ukiisha, kila miliamperi ya ziada inakula maisha ya valvu bila kukupa kitu.

Si kila ampu hupangwa hivyo: AC30 haina kidude cha kuzungusha. Rizista iliyo chini ya kathodi huinua kathodi yenyewe, na gridi inajikuta hasi kuliko kathodi bila kupewa volti yoyote. Umeme ukizidi, kathodi hupanda zaidi na kuuzuia. Mfumo huu unajirekebisha na ndiyo raha yake, ingawa AC30 huziendesha EL84 zake kwenye kikomo au kukipita, na valvu zake haziishi sana.

Onyo moja. Volti 450 za moja kwa moja huua, na kapasita huzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiyejua kuondoa chaji kwenye kapasita asifungue ampu, aipeleke kwa fundi. Wala ampu ya valvu isiwashwe bila spika, kwani transfoma huweza kuungua.

Mwisho ni umeme wa ukutani. Kiwango cha Tanzania ni volti 230 na cha Kenya ni 240, na ampu iliyojengwa kwa ajili ya 220 ikichomekwa kwenye 240 kila kitu ndani yake hupanda kwa asilimia 9: volti 450 za anodi zinakuwa 490, na 6.3 za kupashia moto zinakaribia 6.9. Volti hasi ya bayasi nayo hupanda, ikafidia kidogo, ila haifidii yote. Jenereta ya ukumbini huweza kuyumba kuliko hapo. Kwa hiyo fundi anayeweka bayasi ya ampu ya bendi aulize kwanza inapigia wapi, aandike volti za ukutani alizokuta siku hiyo pembeni ya miliamperi alizoweka, na karatasi hiyo aibandike ndani ya boksi la ampu kwa ajili ya fundi atakayefuata.