Mlo wa jioni usio na ngano: biashara ipo, lakini vijiko vitatu vinaiua

Mfanyabiashara wa nafaka aliyezoea kuulizwa bei ya gunia la mahindi au la mchele tu, siku hizi hukutana na swali jingine kutoka kwa wapishi wa hoteli za kitalii na kutoka kwa ndugu zetu walioko ng'ambo: unga huu una gluteni? Wengi hujibu upesi kwamba hauna, kwa kuwa ni wa muhogo au wa mtama. Jibu hilo linaweza kuwa la kweli shambani na likawa la uongo dukani. Kabla msomaji hajatia fedha zake katika biashara hii, ni vema aelewe mteja huyu anapika nini jioni na kwa nini anauliza.

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike na mkate uumuke bila kusambaratika. Watu wengi haiwadhuru hata kidogo, na ukurasa huu hauoni sababu ya mtu mwenye afya kuacha chapati zake. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki mambo ni tofauti. Kinga ya mwili wake, ikikutana na gluteni, huushambulia utumbo mwembamba, chakula kikawa hakifyonzwi ipasavyo. Wapo wanaoharisha, wapo wanaopungukiwa damu bila kujua chanzo, na wapo watoto wanaodumaa. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 100 duniani anao ugonjwa huu, na wengi wao hawajapimwa. Tiba inayotumika ni moja: kuacha ngano na wenzake maisha yote.

Aliyefumbua fumbo hilo alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate ulipoadimika, watoto wagonjwa walipata nafuu. Mkate uliporudi, walizidiwa upya. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake juu ya jambo hilo.

Sasa tuingie jikoni, maana humo ndimo soko lilimo. Huko Ulaya na Marekani mlo usio na gluteni hununuliwa katika vipakiti vya bei kubwa: tambi za mchele, mikate ya wanga wa viazi na kadhalika. Hapa kwetu mlo huo uko sokoni tayari na hauna jina maalumu. Wali na maharage, ugali wa dona na dagaa, ndizi za kupika na nyama, muhogo wa nazi, viazi vitamu na mchuzi wa samaki: hizo ni jioni tano, na hakuna hata moja iliyohitaji ngano. Pwani kuna mkate wa kumimina, ambao ni mchele uliolowekwa na kusagwa pamoja na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, kisha ukaokwa. Vitumbua navyo ni vya mchele, ingawa wauzaji wengine huongeza unga wa ngano ili vishikane, na hapo ndipo mteja wetu anapoumia.

Anayetamani chapati naye ana njia. Chukua kikombe kimoja cha unga wa mchele na chumvi kidogo, mwagia kikombe kimoja cha maji yanayochemka, koroga na ufunike kwa dakika tano. Ukande ungali na joto, kwa mkono uliopakwa mafuta. Maji ya moto huupika wanga kidogo, nao ukashika kazi iliyokuwa ya gluteni. Sukuma taratibu kati ya karatasi mbili za nailoni, kwa sababu donge hili halivutiki, kisha choma kwenye kikaango kikavu. Zitakuwa ngumu zikipoa, kwa hiyo zipikwe za kuliwa papo hapo. Kwa ugali, sehemu mbili za unga wa muhogo kwa moja ya mtama hushikana vizuri na kushibisha. Mchuzi ukitaka uwe mzito, wanga wa mahindi au wa muhogo uliovurugwa kwa maji baridi unatosha.

Hatari imejificha katika vitu vidogo. Vidonge vya supu na unga wa mchuzi wa kopo vinaweza kuwa na ngano. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Soseji nyingi hutiwa unga au makombo ya mkate. Bhajia za dengu ni salama kwa asili yake, lakini zikikaangwa katika mafuta yaliyotoa maandazi asubuhi, usalama umekwisha. Bia ya shayiri nayo imo. Mpishi makini husoma karatasi ya kila kopo, na hutenga ubao wa kusukumia na chekecheo lake la unga.

Hapo sasa ndipo mfanyabiashara anapotakiwa kutulia na kalamu yake. Kiwango cha kimataifa cha Codex, kama kilivyorekebishwa mwaka 2008, kinaruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni iwapo hakizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja. Marekani iliweka kiwango hicho hicho mwaka 2013, na Jumuiya ya Ulaya inakitumia pia. Miligramu 20 ni kiasi gani? Unga wa ngano una protini kama asilimia 10, na sehemu kubwa ya hiyo, tuseme nane katika kumi, ni gluteni. Kwa hiyo kilo ya unga wa ngano ina gluteni gramu 80 hivi, yaani miligramu 80,000. Ukigawanya, utaona kwamba robo gramu tu ya unga wa ngano inatosha kuifikisha kilo nzima ya unga wa muhogo kwenye ukomo. Kwa gunia la kilo 100 ni gramu 25, nazo ni vijiko vitatu vya mezani hivi.

Vijiko vitatu! Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano ya mteja aliyetangulia inaweza kubakiza kiasi hicho na zaidi kwenye kinu na mfuko wake. Gunia lililowahi kubeba unga wa mkate, hata likung'utwe vipi, linabaki na vumbi. Unga wa lishe tunaowapikia watoto uji ni mfano mwingine: wasagaji wengi huchanganya mahindi, ulezi, soya na karanga, na baadhi yao hutia ngano humo humo. Mwenye mashine hana nia mbaya, hakuambiwa. Lakini mteja akishaugua hatauliza nia ya mtu.

Kwa sababu hiyo, gharama kubwa katika biashara hii ni utengano. Nafaka yenyewe bei yake inajulikana. Anayetaka kuuza kwa jina la "bila gluteni" anahitaji kinu kisichosaga ngano kabisa, magunia mapya, stoo ya peke yake na vipimo vya maabara kwa kila shehena. Mwekezaji mdogo asiyeweza kununua kinu anaweza kukubaliana na mwenye mashine anayesaga mahindi, muhogo na mtama tu, na wapo wengi mikoani. Makubaliano hayo yaandikwe. Tusidanganyane: kwa mtu anayeuza magunia matano kwa mwezi, vipimo peke yake vinaweza kumla faida yote. Huyo auze unga wake kwa jina lake la kawaida, aandike kilichomo, asiandike ahadi asiyoweza kuipima. Ile alama ya suke lililokatwa kwa mstari, inayojulikana sana Ulaya, ni alama iliyosajiliwa na hutolewa kwa leseni. Kuichapa tu kwenye mfuko ni kujitafutia kesi.

Muhogo una jambo lake jingine. Aina chungu zina sumu ya sianidi, na Codex inaruhusu miligramu 10 tu kwa kilo ya unga. Kumenya, kuloweka kwa siku kadhaa na kukausha vizuri juani ndiko kunakoiondoa. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, baada ya ukame na njaa kuwafanya wale muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo. Mnunuzi wa makopa, au udaga kama wanavyosema Kanda ya Ziwa, amuulize mkulima aliloweka siku ngapi, na asione haya kukataa mzigo. Kwa mahindi cha kuogopa ni sumukuvu. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Mteja aliyekimbia ngano kwa ajili ya afya yake hastahili kukutana na hayo.

Kuhusu wakati wa kununua, kalenda ni ile ile ya siku zote. Mchele na mahindi ya Nyanda za Juu hushuka bei baada ya mavuno, kuanzia kati ya mwaka, na hupanda kuelekea Januari na Februari. Makopa hukaushwa vizuri kiangazi. Yanayoletwa wakati wa mvua mara nyingi yana madoa meusi ya ukungu. Ngano yetu nyingi hutoka nje, na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei yake, waoka mikate kadhaa walianza kuuliza habari za unga wa muhogo. Wateja wa namna hiyo huja kwa bei na huondoka kwa bei. Mwenye siliaki hubaki na muuzaji aliyemwamini, hata bei ikipanda kidogo.

Neno moja kwa msomaji anayehisi kwamba ngano inamsumbua yeye mwenyewe au mtoto wake. Asiiache kabla ya kumwona daktari. Kipimo cha damu cha ugonjwa huu hutafuta alama zinazotokea mwilini wakati mtu anaendelea kula ngano. Akiwa ameiacha kwa miezi, majibu yanaweza kuonyesha kuwa hana ugonjwa ilhali anao. Apimwe kwanza, ndipo anunue gunia la mtama.